Mwalimu wa Zamu: "Ripoti haina wa ngapi, sasa nitajuaje?"

Wazazi wangu hamjambo. Mwisho wa mwaka ukikaribia barua zinazonifikia zinakuwa za aina moja, upimaji wa watoto wadogo, na safari hii zimezidi kiasi kwamba nimeamua kuzijibu kwa mkupuo. Wenye watoto wa darasa la saba na fomu foo mnivumilie, leo ni zamu ya wanaong'oka meno.

Shikamoo mwalimu. Mimi naishi Kimara, kijana wangu yuko darasa la pili shule ya serikali. Juzi tuliitwa kikao mwalimu mkuu akasema watoto watafanya upimaji wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, akatuambia msiwatishe, msiwaambie ni mtihani, waleteni tu wamekunywa uji. Hakuna namba, hakuna wa ngapi, hakuna zawadi. Sasa mwalimu hapa uani nakaa na mwenzangu mtoto wake anasoma inglishi midiamu, darasa la pili hivyohivyo, yeye kila mwezi analetewa ripoti, wa 4 kati ya 31, wa 2 kati ya 31, juzi kaja na kikombe kabisa mama yake kakiweka juu ya kabati la tivii kila anayeingia anakiona. Mume wangu anasema shule yetu imelala, Kayumba ni Kayumba tu. Mimi nikaona isiwe tabu nikaenda steshenari nikanunua mitihani ya nyuma ya kutoa kopi, nikawa namkalisha kila siku baada ya kula mpaka saa nne usiku. Wiki ya pili sasa kila asubuhi anasema tumbo linamuuma, na amekojoa kitandani mara mbili wakati alishaacha toka ana miaka mitatu. Hivi huu upimaji ni wa nini kama hautoi namba, na nitajuaje kama mwanangu anajua au hajui? Mama D., Kimara

Marahaba mama D. Tuanze na hilo tumbo. Mpeleke zahanati waangalie, minyoo ipo na mkojo mchafu upo na mimi sio daktari, ila ile mitihani ya kopi ifungie kabatini leoleo, usingoje kesho. Mtoto wa darasa la pili saa nne usiku anatakiwa awe kashalala fofofo na mguu mmoja uko nje ya neti.

Sasa kuhusu upimaji wenyewe. Watu wanasikia upimaji wa kitaifa wanadhani ni mtihani wa darasa la saba umepunguzwa saizi. Hapana. Wa darasa la saba unaamua nani anakwenda sekondari. Wa darasa la nne nao una uzito wake, NECTA, wale wa Baraza la Mitihani, wanatoa matokeo, mtoto anapewa herufi A mpaka E na nchi nzima inasikia. Huu wa darasa la pili unauliza mambo matatu tu, huyu mtoto anasoma, anaandika, anahesabu, basi. Maana akishavuka kwenda la tatu masomo yanaongezeka na kila somo linataka asome mwenyewe, sasa kama kusoma kwenyewe hajui huko mbele atakuwa anakaa tu anaangalia ubao kama mtu anayengoja daladala ya njia nyingine.

Na tulifika hapa kwa aibu, tusisahau. Miaka ya 2010 hadi 2013 hivi wale watu wa Uwezo, shirika la kupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba na karatasi za kiwango cha darasa la pili, wanamwita mtoto barazani wanamwambia soma hapa. Wakakuta hadi watoto wa darasa la saba wengine hawawezi kuisoma ile hadithi. Darasa la saba! Na hao wote walikuwa na ripoti nyumbani, wengine wa 5, wengine wa 12. Ndo mwaka 2015 ukaja mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliopunguza msururu wa masomo KKK ikawa ndo kiini.

Kwahiyo ukiniuliza mimi hiyo wa 4 kati ya 31 inakuambia nini, inakuambia kuna watatu wamempita, mwisho. Haikuambii kama anaweza kusoma neno "ng'ombe". Darasa zima linaweza likawa halijui kusoma na bado likatoa wa kwanza, akapewa na kikombe. Simsemi vibaya mtoto wa jirani yako, huenda anajua kweli, nasema tu kikombe hakijasema.

Kujua kama wako anajua ni kazi ya robo saa. Fanya mchana, Jumamosi, akiwa ameshiba. Chukua kitabu chake cha kusoma, fungua ukurasa wenye picha mwache asome. Halafu weka kiganja funika picha. Halafu mpe ukurasa ambao shuleni hawajaufikia. Wengi hapo ndo utagundua walikuwa wanaimba, wamelishika somo kwa masikio. Nilishawahi kuwa na mtoto mmoja alinisomea ukurasa mzima bila kosa, kidole kinatembea vizuri kabisa, nikageuza ukurasa kwa makusudi katikati ya sentensi, yeye kidole kikaendelea na hadithi ileile ya ukurasa wa nyuma! Nilicheka na yeye akacheka, ila ndo nikajua tuanzie wapi.

Akikwama usimwambie "soma vizuri", sikiliza amekwama wapi. "Kaka", "meza", "sita" karibu wote wanapita. Shughuli iko kwenye konsonanti zilizobanana, mbwa, nywele, chungwa. Utamsikia "nyanya" anaisoma na-ya-na-ya. Mwandikishe imla ya maneno matano tu, ngoma, ng'ombe, mbwa, chungwa, nywele. Akiandika "gombe" au "ngombe" bila kile kialama usipige kelele, watu wazima wangapi mtandaoni hawakiweki. Ila akiandika "mba" badala ya "mbwa" hapo sauti moja imemponyoka, muonyeshe mdomo wako unavyojikunja, arudie.

Hesabu mtume dukani. Noti ya elfu moja, chumvi ya mia tano na kiberiti cha mia, kabla hajafika mlangoni muulize utarudi na shilingi ngapi. Akisema mia nne bila kungoja Mangi wa dukani amhesabie, huyo wa kutoa yuko sawa. Akisema nitaangalia chenji huyo bado, ila ana akili ya kibiashara.

Na mkuu wenu aliyesema msiwatishe mimi nampigia saluti, wakuu wa hivyo ni wachache. Mtoto mwoga hasomi hata anachokijua. Kusoma kunapimwa kwa sauti, yeye na mwalimu uso kwa uso, sasa akija pale kashaambiwa "usituaibishe" sauti inaishia kooni, unabaki na karatasi inayosema hajui wakati nyumbani anasoma mpaka maandishi ya mabasi. Baba D. naye mwambie Jumamosi hiyo akae hapohapo, aifanye hiyo robo saa mwenyewe, ndo aje aseme nani kalala.

Mwalimu mie niko Morogoro, binti yangu darasa la pili, mwalimu wake kaniita chemba kaniambia upimaji umeonyesha silabi anajua ila maneno hajui, eti nimsaidie nyumbani. Sasa mimi natoa michango yote, ya uji, ya mlinzi, na tuisheni mia tano kila siku, halafu naambiwa mimi ndo nimsaidie? Mke wangu anataka tumhamishe Januari. Na je watamkaririsha darasa? maana nikisikia kukariri naumwa kabisa, mtaani nitaficha wapi sura. Baba wa binti

Baba, punguza jazba kidogo. Mwalimu aliyekuita chemba na kukwambia "silabi anajua, maneno hajui" amekufanyia kitu kikubwa kuliko unavyodhani. Angeweza kukuandikia wa 38 mkaachana salama, ukapandisha mtoto la tatu hajui kusoma, ukaja kushtuka yuko la tano. Amekuonyesha na jiwe lenyewe lililozuia gari.

Kujua silabi na kushindwa neno maana yake hajui kuunganisha. Anaona ka, anaona la, anaona mu, kalamu haioni. Hiyo haihitaji shule mpya. Kata boksi la sabuni vipande vidogo, andika silabi moja kila kipande, mpe matatu matatu ayasogeze yagusane huku anayatamka haraka haraka zaidi kila mara, ka, la, mu, ka-la-mu, kalamu. Dakika kumi kwa siku. Dakika kumi, nimesema, sio mpaka alie. Ukiwa na zamu ya usiku kazini fanya asubuhi wakati anangoja chai.

Shuleni kaulize mambo mawili. Moja, anakaa wapi darasani. Mbili, anasoma ubaoni au anaibia kwa jirani? Nimewahi kukaa muhula mzima namwona mtoto mzito kumbe haoni, mama yake alipompeleka kupimwa macho akarudi na miwani akawa anasoma hadi maandishi niliyoyafuta vibaya. Masikio nayo hivyohivyo, usaha wa sikio unaiba sauti nyingi.

Tuisheni sitaki ugomvi na wenzangu ila nikuulize, ni mwalimu yuleyule, darasa lilelile, watoto walewale, kilichobadilika ni mia tano tu? Basi hesabu mwenyewe. Kama anachukua watoto sita anawafuata mmoja mmoja hapo sawa, toa. (Ya michango ya mlinzi na uji sitaigusa, elimu bila malipo ilianza 2016 lakini michango nayo ina miguu yake.)

Kukariri kaongee na shule, msikilizane, lakini lisiwe swali la kwanza ukiingia ofisini. Na hiyo sura ya mtaani, mtaa haujui hata jina la binti yako. Kumhamisha Januari? Atakwenda na tatizo lake kwenye begi jipya, na huko hakuna anayemjua.

Mwalimu salamu kutoka Likoni. Huku kwetu Kenya mwanangu yuko gredi ya tatu, wamefanya ile tathmini ya KEYA, ripoti ya Hisabati yasema "kukaribia matarajio". Hakuna alama, hakuna nambari. Babake asema huko ni kufeli kulikovishwa kanzu. Yeye wakati wake alikuwa aletewa karatasi imeandikwa nambari 3 kati ya 52 na wajua umesimama wapi. Nimwambie nini? Mama wa Likoni

Kufeli kulikovishwa kanzu, hiyo nitaiiba mama, msamehe mzee wako ana kipaji. Yeye ni mtoto wa 8-4-4, ule mfumo wenu wa zamani, amekulia kwenye KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, wa alama 500, kila nyumba ilijua jirani kapata ngapi. Ile imekwisha, watahiniwa wa mwisho walikuwa wa 2023, na huu mtaala wenu wa umilisi uliingia gredi za chini mwaka 2019. Kwahiyo unamwomba mtu asahau lugha aliyohesabiwa nayo utoto wake wote, mpe muda.

Zile ngazi ziko nne, kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia, na mbali na matarajio. Kukaribia ni kwamba anaweza baadhi na baadhi anahitaji kushikwa mkono. Ila mzee ana hoja moja na siwezi kumnyima: neno "kukaribia" peke yake halina kazi. Kukaribia nini? Kupima urefu? Kutoa kwa kukopa? Kusoma saa? Wapo walimu wenye watoto sitini wanaojaza kukaribia, kukaribia, kukaribia kama wanajaza rejista, na siwalaumu sana maana mikono ni miwili. Nenda na daftari lake mwambie mwalimu nionyeshe palipokufanya uandike hivi. Akikufungulia ukurasa akakuonyesha, basi kanzu imevuliwa na mzee ataridhika. Akibabaika, mpe siku mbili urudi tena, kwa heshima.

Mwalimu mimi niko Leicester, Uingereza, mtoto wangu yuko mwaka wa kwanza. Shule wametuma karatasi kwamba mwezi wa sita watamsomesha maneno na mengine sio maneno kabisa, hayana maana, yana katuni za midudu pembeni. Nimechanganyikiwa, nyumbani namfundisha Kiswahili na shule Kiingereza, sasa hii lugha ya tatu ni ya nani?

Ya midudu, dada! Mtu akiandika neno lisilo na maana pembeni ya mdudu, mtoto anajua hilo ni jina la mdudu, asitafute maana, atamke tu. Maneno yapo 40, nusu ya kweli nusu ya kubuni, anakaa na mwalimu wake wanayapitia kwa dakika chache. Sababu yake ni ileile ya kiganja cha mama D., neno la kweli mtoto anaweza kulikumbuka kwa sura, la uongo lazima aliunganishe sauti kwa sauti. England wanafanya hivi toka 2012 na asiyefikia kiwango anarudia akiwa mwaka wa pili, hafukuzwi wala harudishwi darasa. Huko ripoti ya wa ngapi hamna, hata ukiiomba watakushangaa.

Na Kiswahili usiache. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, a ni a popote, mtoto akishashika kuunganisha kwenye "kalamu" ile akili anakwenda nayo kwenye Kiingereza, ingawa kule atakuta herufi zimekaa hazisemi kitu. Cheza naye usiku, mtungie majina ya midudu, "bupo", "jefi", "mwazu", asome. Akikosea mdudu anaudhika. Basi.

Mwalimu mwenzangu, nafundisha darasa la pili huku Singida, watoto 87. Wazazi wana grupu la wasapu, tangu nimalize upimaji kila siku naulizwa vipi matokeo, jana mmoja kaniandikia pembeni "mwalimu tuwekee hata kumi bora kimyakimya hatutasema". Nikikataa wanasema nimeficha kwa sababu sijafundisha. Nimechoka, nakaribia kuweka.

Usiweke. Hakuna kimyakimya kwenye grupu la watu 80, kabla hujafunga simu bibi wa mtu Mwanza keshaipata. Na kama wanataka kigezo waambie NECTA wenyewe walishaacha kutangaza zile shule kumi bora na wanafunzi bora toka 2023, tena kwa mitihani mikubwa, sasa wewe na watoto wanaofungwa kamba za viatu utatangaza nini.

Lakini usiwaache wakavu, ukimya ndo unawafanya wadhani umeficha. Mzazi anayeuliza wa ngapi mara nyingi anauliza tu mwanangu yuko salama? ila hana neno lingine, sisi ndo tulimfundisha hilo. Mwandikie kila mmoja mstari mmoja kwenye kikaratasi umbandikie kwenye daftari: "Anasoma maneno, hadithi bado anasitasita." "Anahesabu vizuri, imla anasahau w." Mistari 87, najua, nimeshaandika 94 nikaota sugu. Andika kumi kwa siku. Anayetaka zaidi aje shuleni saa nane mchana mkae mtoto akiwepo asome mbele yake. Watakuja wachache, na hao wachache ndo watakutetea kwenye grupu.

Nikwambie na langu maana na mimi nilishaweka, tena sio kimyakimya. Mwaka wangu wa tatu kazini nilikuwa na hao watoto 94 darasa la pili, nikawapima kusoma, nikaandika majina yote kwenye karatasi la manila, wa 1 mpaka wa 94, nikabandika ukutani karibu na mlango. Nilijiona mbunifu kweli, nawapa hamasa. Wazazi walifurahi, walikuja kuangalia mpaka wa madarasa mengine.

Wa 94 alikuwa kijana mwenye kigugumizi. Nilipomwita asome alikwama kwenye neno la kwanza, k-k-k, nyuma yake foleni ndefu jua kali, nikaandika sifuri nikaita anayefuata. Kama wiki mbili hivi baadaye watoto wameshatawanyika nikarudi darasani kuchukua chaki nikamkuta amesimama peke yake mbele ya ile manila, kidole juu, anasoma majina kwa kunong'ona, hajaniona. Akinong'ona hakwami. Alianza juu akashuka nayo, majina ya Kinyaturu, ya Kiarabu, ya Kizungu yaliyoandikwa kwa mwandiko wangu mbaya, yote, mpaka akafika la chini kabisa akalisoma na lenyewe, akachukua begi lake akatoka.

Ile manila niliibandua jioni ileile. Nyuma ilikuwa bado nyeupe, nikaikata vipande nikaandika silabi, ndo hizo za ka-la-mu nilizomwambia baba wa Morogoro.